Maswali ya Wasomaji: Wawili Ndani ya Gari la Kambi, Majani Yanapogeuka Rangi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Lewiston, katika jimbo la Maine, na mwaka huu tumejaliwa kupata likizo ya pamoja ya wiki moja kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, jambo ambalo kwetu ni nadra kwa sababu yeye hufanya kazi zamu ya usiku nami zamu ya mchana. Tumeamua kukodi gari la kambi, yaani vani yenye kitanda, jiko la gesi na sinki ndani yake, tukatazame majani yanavyobadilika rangi kabla ya kupukutika. Ubishi wetu ni juu ya njia. Mume wangu anataka tupite New Hampshire na Vermont, tulikate jimbo la New York hadi kwenye maporomoko ya Niagara, kisha turudi kupitia Massachusetts, huku tukipokezana usukani na kulala popote usiku utakapotukuta. Mimi naona tutakuwa tumelipa fedha nyingi ili tukae barabarani tu. Isitoshe, ninaogopa baridi, na sijui watu wawili wanaishije katika chumba kisichofika hatua nne bila kukwaruzana. Tafadhali tuamulie. – Msomaji, Lewiston

JIBU: Dada msomaji, ahsante kwa barua yako. Kwa kuwa umeomba hukumu, nitaitoa mapema: katika suala la njia, wewe ndiye mwenye haki, ingawa shemeji naye ana hoja moja nzuri ambayo nitaifikia.

Kutoka Lewiston hadi Niagara ni zaidi ya kilomita 800 kwenda peke yake, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni barabara kuu za malipo ambazo mtu hupita kwa kasi, huku miti ikibaki kuwa ukuta wa rangi pembeni mwa dirisha. Mkienda na kurudi mtakuwa mmetumia siku mbili nzima mkiwa mmefunga mikanda, bado hamjahesabu vituo vya mafuta wala foleni. Aidha, mikataba mingi ya kukodi magari ya aina hii huweka kiwango cha maili kwa siku, na kila maili inayozidi hutozwa pembeni, kwa hiyo someni kifungu hicho kabla ya kutia saini. Maporomoko ya Niagara hayategemei majani, nayo yatakuwapo mwezi wa Juni mtakapoweza kuyafikia kwa gari dogo linalokula mafuta kidogo.

Lakini sababu kubwa ya kukuunga mkono haitokani na gharama, bali na tabia ya miti yenyewe. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo hujitokeza. Nyekundu ni jambo jingine, kwa sababu miti kama mepo huitengeneza wakati huohuo kutokana na sukari iliyosalia katika jani, na hukolea zaidi mchana unapokuwa na jua na usiku unapokuwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Mabadiliko hayo huanzia kaskazini na kwenye miinuko, kisha huteremka taratibu kuelekea kusini, mabondeni na pwani, na mialoni hufuata mwishoni kwa rangi yake ya kutu. Maana yake ni kwamba mtu hahitaji kuvuka majimbo matano ili aone hatua zote za rangi. Akipanda mlima wa mita mia kadhaa kisha akateremka hadi mtoni, atakuwa ameona kwa saa moja kile ambacho bondeni kingemchukua wiki nzima kukisubiri.

Kwa hiyo ningewashauri mfuate mto wenu wenyewe. Androscoggin, mto unaoporomoka juu ya miamba kati ya Lewiston na Auburn, huanzia Errol, katika jimbo la New Hampshire, pale maji yanapotoka Ziwa Umbagog, na barabara nzuri huandamana nao karibu njia nzima. Mkitoka nyumbani mtapanda kuelekea Rumford, mtageuka magharibi kufuata barabara namba 2 kupitia Bethel hadi Gorham, na kutoka hapo mtashika barabara namba 16 kuelekea kaskazini, mkipita Berlin na Milan hadi Errol. Safari nzima haizidi sana kilomita 200, kwa hiyo mnaweza kuondoka baada ya chai ya asubuhi, mkasimama mara nne njiani na bado mkafika jua likiwa juu. Kati ya Milan na Errol kuna kipande cha msitu ambacho barabara na mto hukimbia bega kwa bega, bila nyumba, na mwanzoni mwa Oktoba ndipo rangi zinapokuwa zimeiva katika eneo hilo. Inafaa kukumbuka mkiwa hapo kwamba mto huu ulikuwa miongoni mwa mito iliyochafuliwa vibaya kabisa nchini Marekani kwa taka za viwanda vya karatasi, na kwamba Edmund Muskie, seneta aliyesukuma mbele Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, alizaliwa Rumford, mji mtakaokuwa mmeupita asubuhi hiyohiyo.

Laleni Errol au karibu na ziwa hadi Alhamisi asubuhi. Kisha rudini Gorham, ambako upande wa kusini, chini ya Mlima Washington, kuna kambi kubwa ya idara ya misitu iitwayo Dolly Copp, na tumieni siku mbili kuzunguka milima hiyo. Barabara ya Kancamagus, ambayo ni namba 112 kati ya Conway na Lincoln, ina urefu wa takriban kilomita 55 na hupanda hadi karibu mita 870 juu ya usawa wa bahari. Haina kituo cha mafuta hata kimoja, na simu hazishiki katika sehemu kubwa yake, kwa hiyo jazeni tangi Conway na pakueni ramani mapema. Ninaitaja kwa kusitasita kidogo, kwa sababu ndiyo barabara ambayo kila mtu huitaja, na kila mtu huenda. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya kitaifa ya Columbus, ambayo Maine huiadhimisha kama Siku ya Watu wa Asili tangu mwaka 2019, na mwishoni mwa wiki hiyo magari hujipanga hapo yakitambaa. Likizo yenu inaangukia siku chache kabla ya msongamano huo. Pandeni Kancamagus siku ya Ijumaa asubuhi, mwe mmetoka kabla ya saa sita mchana, na Jumamosi mshike njia ya nyumbani mkipishana na wanaokuja. Hakikisheni tu kwamba mmeweka nafasi ya kulala usiku wa Ijumaa, maana kambi zinazopokea anayetangulia kufika hujaa siku hiyo mapema sana.

Mlima Washington mtautazama kutoka chini. Ile barabara ya kulipia inayopanda hadi kileleni hairuhusu magari ya kambi, na sidhani kama kuna hasara, kwa kuwa hapo juu hakuna miti ya kutazamwa, na upepo wake una sifa zake: mwaka 1934 ulipimwa ukivuma kwa kilomita 372 kwa saa. Shemeji akisisitiza sana kufika kileleni, kuna treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli ya katikati isiteleze, inayopanda kutoka upande wa magharibi, ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1869.

Sasa niseme juu ya kulala popote usiku utakapowakuta, kwa sababu hapa ndipo ninapompinga shemeji kwa nguvu. Katika wiki mnayosafiri, jua huzama kaskazini mwa New Hampshire mnamo saa kumi na mbili na robo jioni na huchomoza saa moja kasoro robo asubuhi. Usiku wenu utakuwa wa zaidi ya saa kumi na mbili, na huo ndio msimu ambao musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huwa katika kipindi cha kutafuta majike, hivyo huzurura barabarani bila tahadhari, hasa machweo na alfajiri. Dume huweza kupita kilo 400, rangi yake ni ya giza, na kwa kuwa miguu yake ni mirefu, taa za gari humulika miguu huku macho yakibaki juu ya mwanga. Gari likimgonga, hukata miguu na mwili wote huja juu ya kioo cha mbele. Kile kipande cha msitu nilichokisifu kati ya Milan na Errol ni miongoni mwa mahali ambapo wenyeji huenda kwa makusudi kumtafuta ili wamtazame. Wekeni kanuni kwamba ikifika saa kumi na moja jioni injini imezimwa, na kama hamjafika mlikokusudia, basi mlale kambi iliyo karibu.

Kuhusu mahali penyewe, kando ya Kancamagus hairuhusiwi kulala nje ya kambi rasmi, na hali ni hiyohiyo katika Hifadhi ya Taifa ya Acadia iwapo siku moja mtaelekea pwani. Baadhi ya maduka makubwa huwaruhusu wasafiri kulala katika maegesho yao, lakini ruhusa hiyo hutolewa na meneja wa duka husika, naye huulizwa kabla, wala si baada ya mlinzi kugonga dirisha saa nane za usiku. Jambo jingine la msimu ni kwamba kambi nyingi hufungwa kuanzia katikati ya Oktoba, na baadhi hufunga mabomba ya maji mapema zaidi ili yasipasuke kwa barafu, kwa hiyo ulizeni kama maji yapo na kama kituo cha kumwagia maji machafu bado kinafanya kazi.

Unaogopa baridi, na una sababu, kwa kuwa usiku katika mabonde hayo joto linaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Hata hivyo, wanaoanza safari hizi hushtushwa zaidi na unyevu. Watu wawili wakipumua usiku kucha katika nafasi ndogo iliyofungwa, baada ya kuchemsha chai na kupika wali humohumo, huamka na kukuta vioo vikitiririka maji, ukingo wa godoro umelowa upande unaogusa ukuta wa bati, na soksi zilizoanikwa juu ya kiti zikiwa mbichi kuliko zilipovuliwa. Silika ya mtu anayeona baridi ni kuziba kila tundu, na hilo ndilo linalozidisha tatizo. Acheni tundu la paa wazi kiasi cha vidole viwili na dirisha moja nafasi ndogo zaidi, pikeni mlango ukiwa wazi, futeni vioo kwa kitambaa kabla ya kuwasha hita asubuhi, na kila mmoja awe na blanketi lake, kwa sababu blanketi moja kwa wawili huwa na mshindi mmoja. Kiatu kilicholowa kisipite mlangoni. Tafuteni beseni la plastiki liwe makao ya viatu chini ya ngazi, na mtakuwa mmemaliza nusu ya mabishano ya siku.

Nusu iliyobaki hutokana na kupishana. Katika magari mengi ya aina hii meza ndiyo hugeuka kuwa kitanda, kwa hiyo mmoja akitaka kulala, mwenzake hana tena mahali pa kukaa, na mmoja akitaka kupita kwenda kwenye sinki, mwingine lazima ainuke. Kwa kawaida ningewashauri wanandoa walale wakati mmoja na waamke wakati mmoja. Ninyi hali yenu ni tofauti, na hapa ndipo penye hoja nzuri ya shemeji, yaani kupokezana. Mtu aliyezoea zamu ya usiku hatapata usingizi saa tatu za usiku kwa sababu tu yuko likizoni. Basi jioni iwe yake: yeye awashe moto nje, aoshe vyombo, ajaze chupa ya chai ya kesho na kukagua gesi na maji, wakati wewe umelala kwa utulivu. Asubuhi iwe yako na usukani uwe wako, naye akae kiti cha mbele, afunge mkanda na asinzie akipenda. Asilale kitandani gari likiwa linatembea, hata kwa dakika tano, hata barabara ikiwa nyoofu. Ili mpango huu uwe halali, majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba kama madereva, maana bima ya gari la kukodi mara nyingi haimtambui dereva ambaye hakusajiliwa.

Chakula kisiwasumbue. Maharage yaliyoungwa nyumbani na kugandishwa katika vyombo vidogo, pamoja na chapati zilizofungwa vizuri, yatawatosha siku tatu za mwanzo na kupunguza mvuke niliousema. Mkitaka kuchoma nyama, nunueni kuni hukohuko mtakakozichoma. Majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont yanakataza kuingiza kuni zisizotibiwa kutoka jimbo jingine, kwa sababu wadudu wanaoangamiza misitu husafiri ndani ya magogo, nanyi mtakuwa mnavuka mpaka wa jimbo siku ya kwanza. Mabaki ya nyama yarudi ndani ya gari na mlango ufungwe, kwani dubu weusi wa milima hiyo huwa wanajinenepesha kwa ajili ya majira ya baridi.

Siku ya Jumamosi, badala ya kurudi kwa barabara ileile mliyojia kutoka Gorham hadi Rumford, mnaweza kuteremka barabara namba 113 kutoka Gilead hadi Fryeburg, ambayo ni nyembamba na hufungwa majira ya baridi, kisha mkaingia nyumbani kutokea upande wa magharibi. Muulizeni mwenye gari kwanza kama upana wake unaruhusu.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunasoma karibu na Boston, na tunataka kukodi gari la kambi lenye paa refu mwishoni mwa Oktoba. Gari lililo ndani ya uwezo wetu halina hita. Je, tunaweza kuingia na jiko dogo la mkaa, au kuwasha jiko la gesi kwa dakika chache ili kupasha joto kabla ya kulala? – Msomaji, Massachusetts

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Kila msimu wa baridi kule Kenya na nyanda za juu za Tanzania tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke, na gari ni chumba kidogo kuliko vyote. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huendelea kuitoa hata pale moto unapoonekana umekufa na makaa yamefunikwa jivu. Jiko la gesi la kupikia nalo hula oksijeni na kumwaga unyevu, na halikutengenezwa kupasha joto mahali pa kulala. Kodini gari lenye hita inayotoa moshi wake nje, kisha kabla ya kuondoka bonyezeni kitufe cha kujaribia king'ora cha kaboni monoksidi, mkisikie kikilia. Kama hela haitoshi kwa gari hilo, ifanyeni safari mapema zaidi, mwishoni mwa Septemba, au punguzeni siku.

Kwa kuwa mtaanzia Boston, kuna mambo mawili zaidi. Barabara ya Storrow, inayopita kando ya Mto Charles, ina madaraja ya chini sana, na kila mwaka magari marefu yaliyokodiwa hukwama chini yake kwa sababu madereva waliifuata ramani ya simu isiyojua kimo cha gari. Andikeni kimo cha gari lenu kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva. Pia, mahandaki ya chini ya jiji hayapokei magari yenye mitungi ya gesi bila masharti, kwa hiyo kama gari lina mtungi, ni rahisi zaidi kupanga njia isiyopita humo.

SWALI: Mimi na mke wangu ni wakimbizi kutoka Kivu, na tuna kadi za ukaazi wa kudumu. Tunataka kwenda na gari la kambi hadi Franconia na pengine kuchungulia Quebec. Tunahitaji karatasi gani? – Msomaji, Manchester, New Hampshire

JIBU: Kwa safari ya ndani ya nchi, bebeni kadi zenu halisi, wala si picha kwenye simu. Sheria ya uhamiaji inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na kadi yake mwilini, na doria ya mpaka imewahi kuweka vizuizi vya ukaguzi kwenye barabara kuu ya I-93 karibu na Woodstock, ambayo ndiyo njia yenu ya kwenda Franconia. Ziwekeni mahali pamoja panapofikika mkiwa mmekaa mbele, maana katika gari la kambi kila kitu hupotea chini ya godoro.

Quebec ni safari nyingine. Masharti ya kuingia Kanada kwa mtu mwenye kadi ya ukaazi wa Marekani hutegemea pia hati ya kusafiria aliyo nayo, na mkimbizi haifai atumie pasipoti ya nchi aliyoikimbia kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi mara nyingi huwa na wanasheria hao, au huwajua wanaotoza kidogo. Ombeni miadi majira ya kiangazi, kwa kuwa hati ya kusafiria ya mkimbizi huweza kuchukua miezi mingi kutoka, na mkianza Septemba majani yatakuwa yamekwisha kuanguka kabla haijafika.